Kengele inalia hesabu zikiwa katikati

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, naishi Pasua hapa hapa Moshi. Kazi yangu ni kuwatunzia vitabu vya hesabu wafanyabiashara wadogo. Nina maduka mawili ya vifaa vya ujenzi, duka moja la dawa, na wateja wengine wanne wa pale Mbuyuni. Ofisi sina. Natumia meza ya chakula sebuleni, na kompyuta ambayo umeme ukikatika betri yake inanivusha saa mbili tu.

Unajua kazi hii ina tarehe zake. Tarehe 7 kodi ya mishahara ya wafanyakazi wa wateja wangu iwe imelipwa, tarehe 20 ritani, yaani taarifa za kodi ya ongezeko la thamani (VAT), ziwe zimeingia. Katikati ya hizo tarehe ni risiti, risiti, risiti. Wateja wananiletea kwenye maboksi ya viatu, nyingine za mashine za kodi (EFD) zimeshafifia mpaka nazigeuza geuza dirishani nione namba.

Miezi minne iliyopita rafiki yangu niliyesoma naye chuo alinifundisha mtindo wa dakika 25. Unafanya kazi dakika 25, unapumzika 5, ukimaliza mizunguko minne unapumzika muda mrefu zaidi. Nikapakua programu yake kwenye simu. Wiki ya kwanza niliona nimepata mkombozi, nilipanga risiti za miezi miwili zilizokuwa zimenilemea. Wiki ya pili nikaanza kuoanisha taarifa ya benki ya mteja mmoja na leja yake, yaani daftari lake la hesabu, nione kama namba zinakubaliana, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kazi ile inataka nishike namba nyingi kichwani kwa pamoja. Siku moja nilikuwa natafuta tofauti ya shilingi 118,000, nimeshaanza kuiona ilikojificha, kengele ikalia. Nikatii, nikainuka. Niliporudi sikukumbuka nilikuwa nafuata nini, nikaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza. Siku nyingine nisipoitii najiona nimevunja utaratibu, basi naendelea hata saa mbili na nusu bila kuinuka, mpaka kichwa kinauma na mchana wote sifai tena.

Mapumziko nayo ni balaa. Kengele iko kwenye simu, kwa hiyo nikienda kuizima nakuta ujumbe wa WhatsApp, nafungua nione ni nani, naingia kwenye hali za watu, na dakika tano zinakuwa arobaini. Narudi mezani nimechoka kuliko nilivyoinuka.

Halafu kuna watu. Mume wangu si mtu mbaya, ila kwake mtu aliye nyumbani hayuko kazini. Atapiga simu nikamwonyeshe fundi bomba, nikalipie kitu mjini. Mama mkwe tunaishi naye, ananiita mara kwa mara kwa vitu vidogo, na siwezi kumwambia asiniite. Majirani wanapita. Wateja wanapiga muda wowote.

Mwezi uliopita nilichelewesha ritani ya mteja mmoja, akatozwa faini. Niliilipa mimi kwa aibu, na mume wangu sijamwambia.

Je, mimi ni mvivu wa akili? Mbona mtindo huu wenzangu unawafaa? Nijilazimishe kuufuata, au niuache kabisa nirudi nilikotoka?

Mama wa Wawili,
Pasua, Moshi


Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Nilipiga mstari pale uliposema wiki ya kwanza ulipanga risiti za miezi miwili. Mvivu hafanyi hivyo. Futa neno hilo kichwani mwako leo, tuzungumze kazi.

Ukiisoma barua yako utaona jibu umeliandika mwenyewe. Kengele ilikufaa kwenye kupanga risiti, ikakuumiza kwenye kuoanisha benki. Hizo ni kazi za aina mbili, nawe ulizipa saa ya aina moja.

Mtindo wa dakika 25 aliuanzisha Mwitaliano mmoja, Francesco Cirillo, mwishoni mwa miaka ya 1980. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, vitabu viko mbele yake lakini akili haitulii. Akachukua saa ya jikoni, ile ya kuzungusha inayolia muda ukiisha, akajiwekea muda mfupi wa kusoma bila kugusa kitu kingine. Saa hiyo ilikuwa na umbo la nyanya, ndiyo maana mtindo wenyewe unaitwa Pomodoro, nyanya kwa Kiitaliano. Sasa tazama kijana yule alikuwa na shida gani: alishindwa kuanza, na akianza hatulii. Kwa shida hiyo kengele ni dawa nzuri mno. Rundo la maboksi ya viatu linatisha, lakini dakika 25 za maboksi hazimtishi mtu. Na risiti ukiiacha mkononi saa yoyote, ukirudi unaikuta vile vile, wala haidai ukumbuke kitu.

Wewe kwenye kuoanisha benki huna shida ya kuanza. Shida yako ni kukatwa ukiwa umezama. Hata dawa nzuri ya kikohozi haitulizi jino.

Hili nalijua kwa mwili wangu. Nilifundisha sekondari miaka mingi, na kila muhula nilikuwa na marundo mawili mezani: maswali ya kuchagua na insha. Maswali ya kuchagua ningeweza kusahihisha huku nakatizwa na nusu ya mtaa. Insha sikuweza. Nikiiacha katikati kwenda kufungua mlango, nikirudi nilikuwa nimepoteza hoja ya mtoto, na maksi niliyompa haikuwa ile ambayo ningempa kama ningeisoma kwa mkupuo mmoja. Siku nilipoligundua hilo niliumia, kwa sababu mtoto hakuwa na kosa lolote. Tangu siku hiyo nilisimama insha inapoisha, hata saa iseme nini.

Wataalamu nao wamelichunguza. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akihama kutoka kazi moja kwenda nyingine kabla hajaifunga ile ya kwanza, sehemu ya mawazo yake hubaki nyuma, na kazi ya pili anaifanya kwa akili pungufu. Mwaka 2018, yeye na mwenzake Theresa Glomb waliandika pia juu ya dawa yake, na dawa hiyo haina gharama: kabla hujainuka, andika kwa haraka umefikia wapi na ukirudi utaanza na nini. Siku ile ya shilingi 118,000, laiti ungeandika mstari mmoja tu, "naangalia ankara ya tarehe 14 kama VAT imeingizwa mara mbili", usingerudi ukurasa wa kwanza. Tafuta kipande cha karatasi kikae kando ya kompyuta kwa kazi hiyo peke yake. Mtu akikuita, mwambie "nakuja", andika mstari wako, ndipo uinuke. Ni sekunde kumi, na hakuna atakayeona umemdharau.

Sasa mtindo ninaotaka uujaribu kwenye kazi nzito. Wenyewe huuita Flowtime, na ni jibu la watu waliochoka kukatwa na dakika 25. Chukua daftari la kawaida, lile la shule la watoto linatosha. Andika kazi moja tu utakayofanya, na saa unayoanza. Fanya. Hakuna kengele. Endelea mpaka wewe mwenyewe uone akili imeanza kulegea, andika saa uliyosimama, kisha pumzika kulingana na muda uliofanya. Wanaoufuata wengi hukadiria hivi: ukifanya dakika 25 au chini yake, pumzika 5, ukifika hadi 50, pumzika 8, ukifika hadi 90, pumzika 10, ukizidi hapo, 15. Wengine hugawanya kwa tano tu. Umeanza saa 3:10 asubuhi, umesimama saa 4:05, hizo ni dakika 55, basi 11 ni za mapumziko. Wewe ni mtu wa hesabu, chagua unayoipenda. (Andika saa za Kiswahili, mwanangu, na uzishike hizo hizo. Kompyuta itasema 9:10 nawe umeandika 3:10. Ukichanganya siku moja tu, daftari zima halisomeki.)

Utajuaje akili imelegea? Kila mtu ana dalili zake, na za kwako nadhani ni hizi: umesoma mstari mmoja mara tatu, umejumlisha safu moja mara mbili ukapata majibu mawili, au mkono umeanza kutafuta simu bila wewe kuutuma. Ukiona moja, maliza ukurasa ulioko, andika mstari wako, inuka. Usisubiri kichwa kiume. Kichwa kikiuma umeshachelewa, na ndiyo maana mchana wako ulikuwa unakufa.

Kwa sababu hiyo nakuwekea ukomo mmoja, na huu usiujadili nami: dakika 90. Kuna mtafiti wa usingizi wa Marekani, Nathaniel Kleitman, aliyependekeza kwamba mawimbi ya karibu dakika 90 tunayopitia usingizini yanaendelea hata mchana tukiwa macho. Kuhusu usingizi jambo hilo limethibitika kuliko kuhusu mchana, kwa hiyo usilichukue kama sheria ya mwili. Mimi nalichukulia kama ukumbusho tu. Wewe ukiachwa unakaa saa mbili na nusu mfululizo, na mtu wa aina yako anahitaji uzio.

Kwa hiyo kengele usiitupe. Ibaki kwa risiti, kwa kuingiza ankara, kwa zile simu za kudai nyaraka ambazo mtu unaziahirisha mpaka jioni. Umeme ukikatika na betri ikikaribia kuisha, hamia kwenye maboksi kwa mizunguko ya dakika 25 mpaka urudi. Kuoanisha benki na kuandaa ritani, hizo ziende na daftari. Ukiulizwa unafuata mtindo gani, sema miwili.

Ila kengele iondoke kwenye simu. Hapa ndipo ulipojitega mwenyewe. Umeweka mlinzi, halafu ukamjengea kibanda ndani ya kilabu. Nunua saa ya jikoni, au saa ndogo ya mezani yenye kengele, iliyo rahisi kabisa. Simu ikae mbali na meza, sauti ikisikika kwa ajili ya shule ya watoto na mume, makundi yote yamezimwa.

Na ukipumzika, pumzika kweli. Macho yako yametazama namba ndogo kwa karibu saa nzima, yapeleke mbali. Toka uani uone kama Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko wazi. Asubuhi mara nyingi utaikuta kabla mawingu hayajaifunika. Kunywa maji, nyoosha mgongo, mwagilia mchicha kama unao. Anika nguo mbili tatu ukipenda, kwa sababu mikono inafanya kazi na akili inatulia. Lakini kupika usiite mapumziko. Kupika kuna moto, kuna chumvi, kuna kitu kinachoungua, hiyo ni kazi ya pili. Wanawake wengi wanaofanyia kazi nyumbani wananiambia wanapumzika, nikiwauliza walifanya nini, wananitajia vyombo, maharage na kudeki. Mapumziko ya namna hiyo yanamrudisha mtu mezani akiwa amechoka mara mbili, halafu anajilaumu kwamba hana umakini. Hili linaniuma kila ninapolisikia.

Tuje kwa watu wako.

Kama mama mkwe wako amekulia juu mlimani, anaijua mifongo, ile mifereji iliyochimbwa na wazee kuteremsha maji mpaka vihambani, kwenye mashamba ya migomba ya nyumbani. Maji yalikwenda kwa zamu. Ikifika zamu ya nyumba fulani, wenye nyumba waliacha mengine yote wakashika jembe, kwa sababu zamu ikipita maji yako yamekwenda kwa mwingine. Hakuna aliyemwona mtu wa zamu kuwa na kiburi. Kaa naye jioni, umwambie kwa heshima: "Mama, kuanzia kesho kuanzia saa mbili na nusu hadi saa tano ni zamu yangu ya maji. Naomba unisaidie kuilinda." Mwombe akushikie na simu. Mtu mzima akipewa ulinzi anaulinda, tena majirani watamsikiliza yeye kuliko wewe. Nawe uwe mwaminifu: saa tano ikifika, nenda ukakae naye, umuulize alihitaji nini. Akishaona saa tano inafika kweli, vile vitu vidogo vitajifunza kusubiri. Dharura ni dharura, hiyo mtakubaliana.

Nimechagua muda huo kwa kubahatisha, watoto wakiwa shule. Daftari likikuonyesha akili yako iko safi zaidi alfajiri, au baada ya mtori wa mchana, hamisha zamu. Andika wiki mbili kabla hujaamua chochote, kwa sababu mtu anavyojidhania na anavyofanya kazi kweli huwa ni vitu viwili, nawe unajua ilivyo kati ya daftari la mwenye duka na taarifa ya benki.

Andika pia waliokukatiza. Hata Cirillo aliwataka watu wake waweke alama kila wanapokatizwa, alama moja kwa usumbufu unaotoka nje, nyingine kwa ule unaoanzia ndani ya kichwa chao wenyewe. Utashangaa. Wengi wakifika mwisho wa wiki wanakuta aliyewakatiza zaidi ni mkono wao wenyewe.

Kwa wateja, wape saa. Waandikie wote saba ujumbe mmoja wa heshima kwamba unapokea simu kuanzia saa tano asubuhi na tena baada ya saa tisa. Atakayepiga kabla ya hapo, mama ajibu kwamba utampigia saa tano, na kweli umpigie. Mteja anachokiogopa ni kutojibiwa kabisa. Akijua saa yake, anatulia.

Mume wako. Unasema si mtu mbaya, nami nakuamini, lakini katika hili amekosea, na atakosea mpaka umwambie. Anakuona sebuleni, haoni kazi. Mwonyeshe. Baada ya wiki mbili mpe lile daftari alisome: saa ulizoanza, saa ulizosimama, simu ya fundi bomba saa 3:40, simu ya kwenda mjini saa 4:15. Usilisome kwa sauti ya mashtaka. Mwachie ashike, asome mwenyewe. Na siku hiyo hiyo umwambie habari ya faini. Najua ni ngumu. Lakini fedha ile ilitoka kwenye nyumba yenu wote wawili, na akijua kwamba asubuhi inayokatwa katwa ina bei, bei ambayo mmeshailipa, ataielewa zamu yako haraka kuliko kwa maneno mia.

Jambo la mwisho ni la kalenda. Tarehe 20 usiifanye kuwa siku ya kazi. Jiwekee tarehe 17 kama ndiyo mwisho, na ritani ya mteja mwenye boksi baya kuliko wote ianze mapema, wakati wengine bado hawajaleta. Siku tatu hizo ni za umeme kukatika, mtoto kuugua, na mtandao kukataa siku ambayo nchi nzima inawasilisha. Kodi ya mishahara nayo ifunge tarehe 4. Na zikija siku ambazo huwezi kabisa, mgeni kafika, msiba umetokea, andika kwenye daftari "leo hapana" na usizifidie usiku. Mstari huo nao ni taarifa, kesho unaanza kwenye mstari unaofuata.

Niandikie tarehe 21. Nataka kujua mizunguko yako mirefu ilifika dakika ngapi, na mama mkwe aliwajibu nini waliopiga simu kabla ya saa tano.

Shangazi yako